Kipande cha Tisa

Nilikuwa Kigongo kwenye foleni ya kivuko, nikienda ng'ambo ya Busisi kumzika Daktari Kamugisha, niliposikia sauti ya mwanamke akibishana na mkata tiketi. Hakuwa anagomba. Alikuwa anamchekesha kijana wa watu huku akimshinda hoja, na abiria waliokuwa mbele yangu wakaanza kugeuka mmoja mmoja kumtazama. Niliijua sauti ile kabla sijageuka. Zaituni sasa ni mama wa makamo, mnene kiasi, amevaa miwani na mtandio wa kijani, lakini nakiri kwamba jicho langu lilikwenda kwenye taya lake la kulia kabla halijafika machoni. Akaniona. "Kabula," akasema, "mimi nimekuja msibani, wewe umekuja kunipima?" Tukakumbatiana pale pale juani. Tulivuka tumeketi benchi moja, tukamzungumzia marehemu, watoto wetu, magoti yetu. Mwaka ule hatukuugusa mpaka kivuko kilipoanza kupunguza mwendo, na hata hapo tuliugusa kidogo tu, kama mpishi anavyoonja chumvi. Tangu nirudi nyumbani sijatulia. Nafua nguo ambazo hazijachafuka, nahamisha viti, natoka nje na kurudi ndani. Mume wangu ameniambia niandike, labda nitakaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, fundi wa maabara katika chumba ambacho wenzetu hospitalini walikiita bucha, kwa sababu kazi yetu ilikuwa nyama: vipande vilivyotolewa na madaktari wa upasuaji kwenye miili ya watu ili sisi tuseme ni nini. Nilivitoa maji kwa spiriti, nikavizamisha kwenye nta iliyoyeyushwa, nta ikiganda nikavikata kwa mashine vyembamba kuliko karatasi ya sigara, nikavitandika juu ya vioo na kuvitia rangi mbili, ya zambarau na ya waridi. Daktari Kamugisha alivitazama kwa darubini na kuutaja ugonjwa kwa jina. Tulikuwa wawili tu. Wa tatu, rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, alikuwa amehamia maabara ya kiwanda cha samaki, na kila alipokuja kutusalimia alikuwa na viatu vipya. Ndivyo mwaka ule ulivyokuwa. Kila mtu alikuwa anatoka mahali kwenda mahali. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, walimu wakauza mafuta ya taa, makarani wakafungua maduka, viwanda vya minofu vikaota ufukweni, na ndege za mizigo zikapita juu ya mapaa yetu zimebeba sangara kwenda Ulaya. Mimi nilikaa kwenye stuli nikikata nta, miguu ikiniwasha. Asubuhi nyingi niliamka nikiwa na hakika kwamba kuna gari limeondoka na mimi sikulijua.

Nilipanga chumba Igogo kwa Mama Gati, mjane wa Kikurya ambaye alikuwa mpole kuliko sauti yake. Chumba kilikuwa kimeegemezwa kwenye jiwe, kiasi kwamba ukuta wa nyuma ulikuwa ni jiwe lenyewe, na siku za mvua lilitoka jasho mpaka godoro likanuka. Sikupika jioni. Mama Gati alikuwa anakaanga mapanki uani, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishachukuliwa, na wateja wake walikula wakiwa wamekaa kwenye magogo na ndoo zilizopinduliwa. "Kabura, njoo ure," aliniita, maana l na r kwake zilikuwa herufi moja. "Usirare na njaa kama mgeni." Tulikula ugali wa muhogo sinia moja, tukinyonya nyama kidogo iliyojificha kati ya miiba, na habari zote za mji zilipita hapo: marobota ya mitumba yameshuka lini, nani kaajiriwa kiwandani, nani kafukuzwa. Nilizitegea sikio zile za kiwandani. Rafiki yangu alikuwa ameniambia wanatafuta mtu mwingine wa maabara, na mimi nilikuwa nimekwisha peleka barua bila kumwambia Daktari.

Zaituni alikuja dirishani kwetu mwezi wa tano. Siku hizo haikuwa ajabu mgonjwa kubeba kipande chake mwenyewe kutoka chumba cha upasuaji. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa mjini, anauza mitumba Mabatini, na shavu lake la kulia lilikuwa limevimba huku nyuma karibu na sikio kama mtu aliyeficha limau mdomoni. Mkononi alishika kichupa kilichowahi kuwa na jamu.

"Habari za kazi, dada. Nimeambiwa nilete hii. Ni mimi mwenyewe humu ndani."

"Wamekukata leo?"

"Sasa hivi. Wamesema nisitikise." Alikiweka kwenye kizingiti cha dirisha taratibu sana. "Ukishakata utaniambia?"

"Mimi nakata tu, mdogo wangu. Daktari ndiye anayesoma."

Akaniangalia kama mteja anayeangalia shati lenye doa. "Haya," akasema. "Lakini wewe ndiye nimekuona."

Kwa kawaida tuliwajua wagonjwa kwa namba. Tangu siku hiyo namba yake ilikuwa na sura, na hiyo peke yake ilinisumbua. Jumamosi iliyofuata nilijikuta Mabatini natafuta sketi, ingawa sikuhitaji sketi. Alikuwa amesimama juu ya meza, mtandio umefunika shavu, ananadi nguo. "Koti hili limevuka bahari linamtafuta mwenyewe," alisema, "na mwenyewe ni yule mama pale anayejifanya hanisikii." Watu walicheka na wakanunua. Nilisimama mbali. Niliona jinsi alivyokuwa akishika taya kila baada ya maneno machache, halafu anaendelea.

Kipande kile cha kwanza kilionyesha uvimbe unaotokana na chembechembe za kutengeneza meno. Kitaalamu unaitwa ameloblastoma. Si saratani ya kusambaa mwilini, lakini unakula taya, na ukiubakiza unarudi. Kwa wengi dawa yake ilikuwa moja: kukata taya, na mfupa mzima unaouzunguka uvimbe. Daktari wa upasuaji wa kinywa, Daktari Masalu, alikuja kunywa chai na Daktari Kamugisha nyuma ya ukuta wa mbao uliogawa chumba chetu, na mimi nikawa nasikia kila neno huku nikijifanya nanoa kisu cha mashine.

"Nitamkata wiki ijayo," alisema Masalu. Alikuwa kijana bado, mikono mepesi, asiyependa kusubiri.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na picha ya eksirei inaonyesha nini?"

"Shimo moja, kubwa, la mviringo. Jino la mwisho limekwama ndani yake."

Kikombe kiliwekwa mezani. "Masalu, uvimbe wa kawaida unaingia kwenye mfupa kama mizizi kwenye ukuta wa udongo. Huu unaonyesha kifuko kimoja. Kuna aina moja ya nadra, inawapata vijana, uvimbe unakuwa umetanda upande wa ndani wa kifuko tu. Huo unakwangua, unatoa kifuko chote, taya linabaki."

"Umewahi kuuona?"

"Mara moja, nikiwa masomoni."

"Mara moja. Mzee, wagonjwa wangu hawarudi. Anatoka hapa, anapanda mtumbwi, simwoni tena mpaka uso umeharibika wote. Nikiacha taya, nimeacha ugonjwa."

"Na ukilitoa bure?"

Nilisikia Masalu akikoroga chai. Kamugisha akasema, "Nipe kifuko kizima. Kikwangue, kilete chote, tutakitazama ukuta mzima. Tukiona uvimbe umepenya ukutani, kata taya lako. Tukiona umebaki ndani, mwache na taya lake." Masalu alikubali kwa shingo upande. Alisema angempa Zaituni jibu Jumatatu ya wiki ya pili baada ya upasuaji.

Kifuko kilikuja kwenye chupa, kimenywea kama puto lililotoboka. Daktari alikigawa kwa wembe vipande kumi na vinne, akachora kwenye karatasi kila kimoja kimetoka upande gani, akaniambia, "Kabula, kila kimoja kina habari yake. Hivi siyo nakala za kitu kimoja." Nilisema ndiyo, Daktari. Umeme ulikuwa wa mgao. Ulipokatika nta iliganda kwenye sufuria yake na ikabidi tuanze upya, na siku tatu zikapotea. Nilikuwa nimeshapokea jibu la kiwanda: niende kwenye usaili Ijumaa, saa nne asubuhi. Ijumaa hiyo hiyo ndipo umeme uliporudi mapema. Nikafika kazini saa kumi na mbili na nusu, nimevaa gauni la usaili chini ya koti jeupe, nimejiambia nitamaliza vipande vyote kabla sijatoka.

Cha tisa kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu, kimelala ndani ya nta. Kabla ya kukata unapunguza kwanza nta ya juu mpaka ufike kwenye nyama, na hapo unakwenda polepole. Mimi nilikuwa namwangalia mwenye usaili kichwani mwangu, najibu maswali yake, nazungusha gurudumu la mashine. Niliposimama kuangalia, utepe uliotoka kwenye kisu ulikuwa nta tupu. Nikazungusha tena. Nta tupu. Nikakishika kile kitofali cha nta nikakielekeza dirishani: hakikuwa na kitu. Nyama yote ilikuwa imekwenda na mabaki, na mabaki yalikuwa sakafuni yamechanganyika na ya vipande vingine vinane. Nilipiga magoti nikayakusanya kwa kiganja. Vumbi jeupe. Mtu hawezi kujua lipi ni lipi.

Nitaandika kilichofuata kama kilivyokuwa. Saa ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Nilichukua kipande cha nane, nikakata utepe mwingine kutoka humo, nikautandika kwenye kioo kipya, na kwa kalamu ya kuchorea kioo nikaandika namba tisa. Nilimaliza vilivyobaki, nikatia rangi, nikavipanga vioo kumi na vinne kwenye sinia ya Daktari, nikaenda kiwandani nusu saa nimechelewa. Hakuna aliyenilaumu. Maabara yao ilikuwa na vigae vyeupe mpaka darini, na jenereta iliyowaka yenyewe umeme ulipokatika. Waliniuliza maswali mepesi, wakanipa chakula cha mchana, minofu minene ya sangara isiyo na mwiba hata mmoja, na mzungu mmoja akaniambia kwa Kiswahili cha kujifunza kwamba wanapenda watu makini. Nilikula nikamaliza. Nilipotoka getini niliona kina mama wamepanga foleni ya mapanki na ndoo zao, na Mama Gati alikuwa mmojawapo, lakini nilipita upande wa pili wa barabara asinione.

Niliporudi kazini alasiri Daktari alikuwa ameshamaliza kusoma. Alikuwa mchangamfu, jambo ambalo halikuwa la kila siku. "Umebaki ndani, Kabula. Kote. Ndiyo ile aina ya nadra." Aliniita nitazame kwenye darubini: mstari wa zambarau umetanda kwenye ukingo wa ndani, na ukuta wa waridi nyuma yake umetulia, safi. "Jumatatu Masalu atapata majibu, na binti atabaki na taya lake." Alinishukuru kwa kukata vizuri. Nilitamani anitukane.

Mpaka leo nikilifikiria naona jinsi uongo wangu ulivyokuwa na sura ya wema. Ukweli ungemfaidisha nani? Masalu alikuwa anatafuta sababu ya kukata. Nikisema kipande kimoja hakikuonekana, nimempa. Nikinyamaza, Zaituni anabaki mzima. Nilijisemea hivyo Ijumaa yote na Jumamosi asubuhi, nikizunguka kutoka chumbani mpaka ziwani na kurudi. Jumamosi jioni, jua bado lipo, nilikaa uani kwa Mama Gati nikimenya muhogo. Jirani alikuwa anamwonyesha koti alilonunua Mabatini.

"Ni rile koti ra yure binti mwenye shavu?" aliuliza Mama Gati.

"Shavu limekwisha, kapasuliwa. Lakini anasema jibu ni Jumatatu. Wakimwambia taya linakatwa, atauza kwa ishara za mikono. Wakimwambia amepona, anapanda meli Jumanne kwenda Bukoba kufungua meza huko, na hospitali hataki kuiona tena maisha yake."

Hapo kisu kilisimama mkononi mwangu. Sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa nimefikiria taya tu. Sikufikiria kwamba neno "amepona" litampeleka mbali, mahali ambapo hakuna mtu atakayemtazama tena, na kama kulikuwa na kitu kwenye ukuta wa kipande cha tisa, kitakua kimya kimya mpaka siku ambayo Masalu aliisema. Mama Gati aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo.

Jumatatu nilimngoja Daktari mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nami nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kabla hajavua koti la mvua. Akaketi, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Daktari."

"Mimi nisingejua. Nimekisoma kile kioo mara mbili." Alisema hivyo kana kwamba kosa lilikuwa lake. Halafu akatoa karatasi ya majibu kwenye faili, akaichana, akaandika nyingine kwa mkono wake, polepole, na akanipa niisome: katika vipande kumi na vitatu uvimbe umebaki ndani ya kifuko, kipande kimoja cha ukuta kiliharibika maabara na hakikuonekana, mgonjwa apigwe picha kila mwaka. "Masalu nitamwambia mimi," akasema. "Huyo binti utamwambia wewe. Yeye amekuona wewe."

Walibishana mimi nikiwa nje koridoni. Masalu alisema tena kwamba wagonjwa hawarudi, na Kamugisha akasema basi mwenyewe aulizwe. Kwa hiyo nilikwenda Mabatini na karatasi mfukoni. Zaituni alikuwa hanadi; upande mmoja wa mdomo ulikuwa bado umevimba kwa upasuaji, na alikuwa anakunja suruali za watoto. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyekiharibu, kwamba nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye usaili wa kazi, kwamba niliweka kioo cha uongo. Aliendelea kukunja mpaka rundo likaisha.

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui. Kwingine kote kuko safi. Hapo hatujui."

"Na wewe umekuja hapa unataka nikwambie nini? Kwamba siyo neno?"

"Hapana. Nimekuja kukwambia uamue. Ukitaka, wanakata taya, mambo yanakwisha. Ukitaka, unabaki nalo, lakini unakuja kila mwaka kupiga picha. Kila mwaka, Zaituni. Hata ukiwa Bukoba, hata ukiwa na mimba, hata kama huumwi."

Mteja alikuja akauliza bei ya suruali, akamjibu, akamfungia, akamuaga kwa heshima. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nenda, dada," akaniambia. "Leo sitaki kukuona." Alimfuata Masalu mwenyewe kesho yake. Alichagua kubaki na taya lake.

Kiwanda kiliniandikia kwamba nimepata kazi. Barua ilikaa chini ya godoro mpaka jiwe likailowesha. Singependa mtu afikiri niliikataa kwa ushujaa. Nilikuwa nimeshindwa kutoka mahali ambapo nilikuwa nimefanya kitu kile, na nilitaka kuona kama atakuja. Nikaanza kazi kila siku kama mtu anayejifunza upya. Daktari hakulitaja tena jambo lile, ila kwa miezi kadhaa alinyanyua kila kitofali kwenye mwanga kabla sijaanza kukata, na mimi nilisimama pembeni nikasubiri.

Zaituni alikuja mwaka uliofuata, kabla ya mvua za vuli. Hakunisalimu. Mwaka wa pili alinisalimu. Mwaka wa nne aliniletea sketi. Mwaka wa sita, akiwa mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, picha ilionyesha doa jeusi dogo kama punje ya mtama, nyuma kabisa, chini ya pale jino lilipokuwa. Masalu alilitoa pamoja na ukingo mdogo wa mfupa. Mikono yake ilikuwa imepunguza haraka kufikia wakati huo, na taya lilibaki limeungana. Ulikuwa ni uvimbe ule ule. Haujarudi tena.

Nilikwenda kumwona wodini siku ya tatu. Alikuwa anakunywa uji kwa mrija, na aliponiona alisogeza miguu ili nikae kitandani.

"Doa hilo," aliniuliza, "ndilo lilikuwa kwenye kile kipande?"

Nilikuwa nimelichunguza jambo hilo siku tatu. Nilikuwa nimeutafuta ule mchoro wa Daktari, nimeuweka pembeni ya picha, nimepima kwa rula. Ilikuwa karibu na hapo. Ilikuwa karibu pia na cha kumi.

"Sijui, Zaituni," nikamwambia.

Alinitazama muda, akaniamini, akaurudia uji wake.